Siku Saba Pemba Nyuma ya Vitwitwi: Kirusi Kinavyopokezwa kutoka Ndege hadi Ndege

Ratiba hii imepangwa kwa mwezi, si kwa kalenda ya ukutani. Anayetaka kukamata ndege wa pwani usiku anahitaji mambo mawili yakutane. La kwanza ni giza, wavu usionekane. La pili ni bamvua, maji yafunike matope yote na kuwabana ndege kwenye kipande kidogo cha mchanga. Bamvua ya mwezi mpevu ina maji mengi vilevile, lakini mbalamwezi huufichua wavu. Kwa hiyo safari inaanza tarehe 27 ya mwezi wa Kiislamu, katika majira ya maleleji ya Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Kaskazi ikishika, wavu huvimba kama tanga na ndege hudunda badala ya kunasa.

Kinachotafutwa ni kirusi cha mafua ya ndege, jamii ya A. Makazi yake ya asili ni matumbo ya ndege wa maji: bata na jamaa zao kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili shakwe, buabua na vitwitwi. Watu wengi hudhani kirusi hupanda mgongoni mwa ndege mmoja huko kaskazini ya dunia na kuteremka naye hapa. Hivyo ni nadra. Safari ya kirusi ni mbio za kupokezana kijiti, na kijiti hupokezwa mahali ndege wanaposongamana. Ndiyo maana siku hizi saba hatumfuati ndege hewani. Tunakwenda mahali anapotua, kuona nani mwingine ametua hapo.

Siku ya kwanza, mwezi 27: Unguja hadi Mkoani

Boti inashusha Mkoani, na kabla ya kufikiria ndege kuna mtungi wa kufikiriwa. Sampuli yenye kirusi hai huharibiwa na joto, na sampuli iliyokufa njiani huitia hasara safari nzima. Mtungi unaofaa kusafirishwa ni ule mkavu. Ukuta wake wa ndani una kitu kama sponji kinachofyonza nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikishafyonza vya kutosha, iliyobaki humwagwa. Botini hapatakuwa na cha kumwagika, na baridi hudumu kiasi cha wiki moja hadi siku kumi kutegemea mtungi. Usimame wima muda wote. Ukilazwa nyuma ya gari, baridi hukimbia ndani ya siku chache.

Namna ya kujua kama mtungi uko salama ni kuupima kwa mizani ya kuning'iniza kila asubuhi, saa ileile, na kuandika. Nitrojeni inapopungua uzito hupungua kidogo kidogo. Uzito ukishuka ghafla, kizibo kina hitilafu au ukuta umepasuka, na uamuzi wa kurudisha sampuli mapema ufanywe siku hiyohiyo.

Friza ya nyumbani haifai, ingawa ndiyo wengi huikimbilia. Kwenye nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri maji huganda polepole na chembe za barafu huuchana utando wa mafuta unaokifunika kirusi. Kama hakuna nitrojeni, ni bora sampuli ikae kwenye kasha la barafu nyuzi 4 juu ya sifuri na ifike maabara ndani ya saa 48, kuliko kulala friza.

Usiku huo kazi ni ya mezani. Vichupa vya mililita 2 hutiwa mililita moja tu ya maji ya kuhifadhia, ili yanapoganda na kutanuka kichupa kisipasuke. Maji hayo yana chumvi, protini na dawa za kuzuia bakteria, na mengi hutiwa rangi nyekundu ya kupimia asidi. Kichupa kilichogeuka njano kimeingiwa na bakteria, kitupwe. Vibandiko vya namba hubandikwa sasa, vichupa vikiwa vikavu, kwa sababu gundi haishiki juu ya umande wa barafu. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika spiriti inapomwagika, kwa hiyo daftari la usiku huandikwa kwa penseli.

Siku ya pili, mwezi 28: kusini ya kisiwa

Asubuhi ni ya vibali na masheha. Kibali cha utafiti kinatoka serikalini, lakini anayeweza kuifanya kazi iende au ikwame ni sheha wa mahali. Huyo aelezwe wazi kwamba ndege watakamatwa, watachukuliwa ute wa koo na wa nyuma, kisha wataachiwa. Swali linalorudi kila shehia ni hili: "Mkishakuukuta ugonjwa, kuku wetu mtawafanya nini?" Ni swali la haki, na anayelikwepa asishangae nyavu zake zikikosa mlinzi. Jibu litolewe kabla ya wavu wa kwanza kusimama, mbele ya afisa mifugo, kwa sababu ndiye atakayebaki na wananchi msafara ukishaondoka.

Mchana ni wa kutazama tu. Bamvua kwetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kati ya maji makavu na maji makuu kuna takriban mita nne. Maji yakipwa, kina mama wanatoka kwenye mwani na chaza, na ndege wanatapakaa nao: vitwitwi wadogo wanaokimbizana na wimbi, sululu mwenye mdomo kama mundu, yule mdogo anayegeuza mawe kutafuta kilichojificha, na ndege mweupe kwa mweusi mwenye mdomo mnene anayekula kaa. Huyu wa mwisho hatoki Siberia. Anazalia pembezoni mwa Bahari ya Arabu na Ghuba, ndani ya mashimo anayochimba mchangani, kisha hushuka kwetu.

Saa tisa alasiri maji yakipanda, andika wanakokwenda. Si wanapokula, ni wanapolala maji yakijaa. Fungu la mchanga moja laweza kukusanya ndege wa maili nyingi za pwani, bega kwa bega, kinyesi cha huyu miguuni mwa yule. Hapo ndipo kijiti kinapopokezwa, na hapo ndipo wavu utasimama.

Siku ya tatu, usiku wa mwezi 29: wavu

Miti huchimbiwa jioni maji yakishaanza kupwa, wakati mstari wa mwani na takataka unaonyesha yalikofika. Wavu mmoja una urefu wa mita 12 na mifuko minne. Matundu ya milimita 36 huwafaa vitwitwi wadogo, na ya 60 humfaa sululu. Mfuko wa chini uwe nusu mita juu ya mstari wa maji ya jioni, kwani maji ya alfajiri yanaweza kuupita. Kosa linaloua ndege wengi katika kazi hii ni wavu ulioning'inia chini: ndege ananasa, uzito wake unauvuta mfuko, maji yanapanda, anazama akiwa amefungwa. Kwa hiyo wavu huzungukiwa kila dakika 20, na saa ya mwisho kabla ya maji kujaa hauachwi kabisa. Mtu mmoja anakaa pale na taa nyekundu.

Kumtoa ndege, anza na upande alioingilia. Tafuta kwanza miguu, kisha bawa moja, kisha kichwa. Anayevuta kwa nguvu huvunja bawa. Akishatoka, huwekwa kwenye mfuko wa kitambaa safi, mmoja mmoja. Mfuko uliotumika haurudiwi kabla ya kufuliwa, vinginevyo kirusi cha huyu kitaandikwa kwa jina la yule.

Kitwitwi wa Siberia mwenye mdomo uliopinda ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Mkononi ni wa moto kuliko kiganja, kwa sababu damu ya ndege hukaa karibu nyuzi 41, na moyo wake unahisiwa vidoleni kama mtetemo kuliko kama mapigo. Kichwa hupitishwa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ukalala kiganjani. Kifua hakibanwi hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kuinua mfupa wa kifua, na ukimkaza umemziba pumzi. Ukipuliza manyoya chini ya koo, kinaonekana kishimo kati ya mifupa miwili. Mafuta ya njano yakikijaza, ndege ana akiba ya safari. Mwezi huu vishimo vingi huwa vitupu, na ngozi yake nyembamba inapitisha wekundu wa nyama: mafuta yameteketea njiani.

Sampuli ni mbili, ya koo na ya nyuma. Zamani ya nyuma ilitosha, kwa kuwa kirusi cha kawaida hukaa matumboni. Aina kali za H5, moja ya makundi ya kirusi hiki, za miaka hii hutoka kwa wingi kooni pia, kwa hiyo zote mbili ni lazima. Kijiti cha kuchukulia ute kiwe na ncha ya nyuzi za plastiki na mpini wa plastiki. Pamba ya kawaida na mpini wa mti vina vitu vinavyozuia kipimo cha PCR, kile kinachotafuta jeni za kirusi, na sampuli nzuri itasomeka kama haina kitu. Kwa koo, fungua mdomo kwa ukucha, pitisha ncha nyuma ya ulimi na kwenye ufa wa paa la kinywa. Kwa nyuma, lowesha ncha kwanza, ingiza hadi ncha ipotee tu, zungusha taratibu mara tatu, toa. Kwa ndege wa uzito huu hutumika kile kijiti chembamba kabisa, kinene kitamjeruhi. Kinyesi kikubwa kikung'utwe, mpini ukatwe kichupani, kifuniko kikazwe hadi mwisho.

Kuhusu kukata mpini, mikasi inayofutwa kwa spiriti huponza wengi. Spiriti huua kirusi, lakini RNA yake, yaani jeni zake, hubaki kwenye makali, na PCR haiulizi kama kirusi ni hai au mfu. Ndege mmoja mwenye maambukizi anaweza kuwapaka kumi waliomfuata. Ni bora vijiti vyenye alama ya kuvunjia, vinavunjwa kwenye mdomo wa kichupa bila mikasi kugusa.

Damu hupimwa kwa uzito: isizidi asilimia 1. Kwa gramu 60 mwisho ni mililita 0.6, na 0.3 inatosha kabisa kutafuta kinga za maambukizi yaliyopita. Kijiti cha koo humwonyesha ndege anayetoa kirusi leo. Damu humwonyesha aliyewahi kukutana nacho, hata kama ni kule Siberia au Ghuba. Majibu hayo mawili yasichanganywe.

Sululu huachiwa wa kwanza. Ndege wa miguu mirefu akikaa amekunja miguu mfukoni, na akihangaika kwa hofu na joto, misuli yake huharibika na miguu kupooza. Akiachiwa hapo ataanguka mchangani, na alfajiri kunguru watamkuta. Kwa hiyo awekewe kasha refu asimame, na dakika 30 zisipite.

Siku ya nne: kinyesi na chumvi

Waliolala mchana baada ya usiku kama ule hawana lawama, lakini maji ya jioni yanakusanya ndege tena na kuna sampuli isiyohitaji wavu. Subiri maji yaanze kupwa na ndege waondoke wenyewe, kisha tembea kwenye fungu lao haraka. Kinyesi kinachofaa ni kibichi, kinachong'aa. Jua letu hukikausha kwa dakika chache, na kikavu hakifai. Gusa sehemu ya kahawia au kijani, si nyeupe, maana ile nyeupe ni mkojo wa ndege na huvuruga kipimo. Epuka mchanga. Fungu liwe limelaliwa na aina moja ya ndege tu, vinginevyo hutajua umechukua cha nani.

Hapa pana jambo linalostahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu linabadilisha namna ya kuitazama pwani yetu. Kirusi cha mafua ya ndege hudumu zaidi kwenye maji yenye baridi, chini ya nyuzi 17, yasiyo na asidi, na yenye chumvi ya kati ya sifuri na gramu 20 kwa lita. Bahari ya Pemba ina gramu 35 hivi kwa lita na joto la nyuzi 27 au 28. Fungu la mchanga lililopigwa na jua na kuoshwa na maji hayo mara mbili kwa siku si ghala zuri la kirusi. Kijiti kinaweza kupokezwa pale ndege kwa ndege, lakini hakilazwi.

Na vitwitwi wenyewe, duniani kote, mara nyingi hupimwa na kukutwa hawana. Mahali panapojulikana kuwa tofauti ni ghuba ya Delaware, Marekani. Kila Mei wageuza-mawe na ndege wengine wa pwani hufurika pale kula mayai ya kaa wa kwato, wakati uleule ambao shakwe nao wamejaa, na tangu 1985 watafiti wamekuwa wakikikuta kirusi kwa wageuza-mawe hao. Ndege yuleyule, sehemu nyingine, hana. Kilichobadilika ni msongamano, na nani yuko jirani yake.

Sasa piga hesabu ya safari. Kutoka nyanda za Taimyr, Siberia, hadi Pemba ni zaidi ya kilomita 8,500. Bata aliyeambukizwa aina isiyo kali hutoa kirusi wiki moja hadi mbili, kisha basi. Kitwitwi haruki moja kwa moja. Hutua, hula siku kadhaa hadi wiki, huruka tena. Kirusi alichoondoka nacho kitakuwa kimemwisha mwilini zamani. Isitoshe mgonjwa haruki vizuri. Nchini Uholanzi swani wa Bewick waliokutwa na kirusi kisicho kali, ambacho hakikuwaonyesha ugonjwa wowote, walichelewa kuondoka kwa zaidi ya mwezi na wakasafiri masafa mafupi kuliko wenzao. Kwa hiyo kirusi kikifika huku, kimefika kwa kupitia miili mingi, kituo hadi kituo.

Kufika kinafika, na asidanganyike mtu. Mwaka 1961 buabua wa kawaida, aina inayofika hata visiwani kwetu, walikufa zaidi ya 1,000 pwani ya Afrika Kusini kwa kirusi H5N3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kirusi kikali cha mafua kuthibitishwa kwa ndege wa porini. Januari 2017 buabua wenye mabawa meupe walikufa ufukweni mwa Ziwa Viktoria upande wa Uganda kwa H5N8, na kuku na bata wa vijiji vya karibu walikufa pia. Januari 2021 ndege aina ya mwari 750 walikufa katika hifadhi ya Djoudj, Senegali, kwa H5N1. Uganda na Senegali ilikuwa ni maji matamu, na ndege wamesongamana.

Siku ya tano: mabonde ya mpunga

Ndiyo maana siku inayohitaji macho zaidi si ya pwani. Upande wa magharibi wa Pemba vilima vinashuka kwenye mabonde ya maji matamu, na vuli ikinyesha mabonde hujaa. Hapa maji hayapwi wala hayana chumvi. Wako vitwitwi wa maji matamu waliotoka Ulaya na Asia. Wako bata wa porini wa Afrika, wanaohama kwa kufuata mvua na si kwa kufuata majira ya Siberia. Wako yangeyange nyuma ya ng'ombe. Na ukifuata njia ya jasho la wakulima juu ya kilima, dakika tano tu, pana nyumba, kuku wanaochakura na bata wa kufugwa wanaoshuka wenyewe asubuhi kuoga bondeni na kurudi jioni bandani.

Bata wa kufugwa ndiye daraja. Anakutana na wa porini mchana na anakutana na kuku usiku, na aina nyingi za kirusi hazimwonyeshi ugonjwa. Hapa sampuli huchukuliwa kwa jozi: kinyesi cha bata wa porini ukingoni, ute wa bata wa nyumbani, ute wa kuku wa banda hilohilo, na maji ya bondeni, lita moja, kutoka kwenye kina kifupi ambako bata hulala. Andika joto la maji saa ya kuchota. Namba za jozi ziandikwe pamoja daftarini, maana sampuli ya bata isiyojua kuku wake ina nusu ya thamani.

Kwa nini kuku ndiye wa kuogopewa? Kirusi kina uma kwenye ngozi yake, ile H ya majina kama H5N1, na uma huo haufanyi kazi mpaka ukatwe vipande viwili na kimeng'enya cha mwenyeji. Katika kirusi kisicho kali, kimeng'enya kinachoweza kukata kinapatikana matumboni na kwenye njia ya hewa tu, ndiyo maana bata anaendelea kuogelea. Aina za H5 na H7 zikiingia katika mabanda ya kuku wengi zinaweza kubadilika mahali pale pa kukatia. Hapo kila chembe ya mwili inakuwa na makasi yake, na kirusi hushambulia moyo, ubongo na mishipa. Kuku hufa mara nyingi ndani ya saa 48, wengine bila dalili.

Kirusi hiki kina vipande nane vya jeni. Bata mmoja akishikwa na virusi viwili kwa pamoja, vipande huchanganywa kama karata na kugawiwa upya. H5 inayosambaa leo ina asili ya bata bukini wa Guangdong, Uchina, aliyepimwa 1996. Mwaka uliofuata huko Hong Kong iliwashika watu 18, na 6 wakafa. Mwaka 2005 iliua maelfu ya ndege wa porini kwenye ziwa Qinghai, na Februari 2006 ikathibitishwa Nijeria. Tangu hapo imebadilisha karata mara nyingi. H ileile imeonekana na N, uma wa pili wa kirusi, za namba tofauti: N1, N6, N8, na kila mgao mpya umepita njia za bata na shakwe. Njia hizo ziliifikisha bara la Antaktika mwaka 2024.

Siku ya sita: Wete, Konde, Makangale

Kaskazini kazi ni nyuma ya nyumba za watu. Kuku wakifa kwa wingi kijijini, mara nyingi ni mdondo, ambao visiwani wengi huuita mahepe: kirusi cha jamii nyingine kabisa. Lakini kwa macho mdondo na mafua makali havitofautiani. Kichwa huvimba, kinyesi huwa cha kijani, shingo hupinda, banda hubaki tupu. Hakuna mfugaji wala daktari wa mifugo anayeweza kutenganisha kwa kutazama. Ni maabara tu. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchanja mdondo: tone moja la chanjo ya I-2 jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kuku wote siku moja. Kijiji kilichochanja vizuri kikiona vifo vya ghafla, kengele inalia mapema. Ambacho hakijachanja kitasema "ni mahepe ya kila mwaka" na siku tano zitapotea.

Lipo jambo moja la kwetu linalohitaji kusemwa kwa heshima. Kuku akianza kuzubaa, watu huwahi kisu ili asife akawa nyamafu. Kwa kuku mmoja aliyevunjika mguu ni busara. Kwa banda linalokufa wote, kuchinja, kutia maji moto, kunyonyoa na kutoa utumbo ndiko kirusi kinakomrukia mtu, hasa mama na watoto wanaosaidia. Nyama ikipikwa hadi nyuzi 70 ndani, kirusi hufa. Hatari iko kabla ya sufuria. Utumbo ukitupwa bondeni, kunguru na bata wa porini wanakuja kula, na kijiti kinarudi kilikotoka.

Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Afisa mifugo aitwe siku hiyo. Kama lazima uondolewe, mfuko wa plastiki uvaliwe mkononi, ushike, ugeuzwe ndani nje, ufungwe, utiwe katika mfuko wa pili. Viatu vipigwe brashi kwa sabuni mpaka tope litoke lote, ndipo vitiwe klorini ya asilimia 0.5. Kwa dawa ya madoa ya asilimia 3.5, hiyo ni kipimo kimoja cha dawa kwa sita vya maji, dakika 10. Kuanza na klorini juu ya tope ni kazi bure, kwa sababu tope huimaliza nguvu kabla haijakigusa kirusi.

Jioni Makangale, pembeni ya msitu wa Ngezi, mbu wa Culex wanatoka, na hao nao wana fungu lao katika habari hii. Kirusi cha West Nile, kilichotambuliwa Uganda mwaka 1937, huishi kwa ndege na mbu, na binadamu hushikwa kwa bahati mbaya. Ndege mgeni anakibeba damuni siku chache tu, lakini mbu mmoja wa chooni anatosha kumpokea kijiti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vya Makunduchi, Unguja, viliwekwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea na kuziba uso wa maji ili viluwiluwi vya mbu hao visipate hewa. Lengo lilikuwa matende, lakini mbu ni yuleyule.

Siku ya saba: kurudi

Uzito wa mtungi ukiwa haujashuka ghafla, sampuli zinasafiri kama zilivyo. Ikibidi kutumia barafu kavu, kasha lisifungwe kwa kuzibwa kabisa: barafu kavu hugeuka hewa, na kasha lisilo na tundu hupasuka. Ufungaji ni wa ngazi tatu, yaani kichupa, chombo kisichovuja chenye kitu cha kufyonza, kisha boksi gumu lenye alama ya UN 3373, ile ya kimataifa ya sampuli za kibiolojia. Orodha ya namba ikae nje ya chombo cha pili, isiloe.

Maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, huanza na kipimo kinachotafuta jeni iliyo sawa kwa mafua yote ya jamii A. Zinazoonekana tu ndizo zinazopimwa H5 na H7, na zenye utata hupelekwa maabara za rejea za kimataifa, kama ile ya Padova, Italia.

Mara nyingi majibu yatakuwa hakuna, na hapo ndipo wengi hukosea kusoma. Ndege 30 wote wakiwa salama haina maana kirusi hakipo. Gawa 3 kwa idadi ya sampuli: kwa 30 unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba wenye kirusi hawazidi asilimia 10, kwa 300, hawazidi asilimia 1. Hiyo ni kwa aina ile ya ndege, mahali pale, majira yale, ikiwa baridi haikukatika. Jibu hilo, kwa maneno hayohayo, lirudi kwa sheha na kwa afisa mifugo wa kila shehia iliyopitiwa, na kama ni hakuna, waambiwe hakuna ya kiasi gani.

Kichupa cha akiba cha kila ndege hakifunguliwi. Kinakwenda nyuzi 80 chini ya sifuri na daftari lake: tarehe, mwezi, maji, aina, uzito, kishimo cha mafuta. Kirusi cha wale buabua wa 1961 kilihifadhiwa, na jeni zake zikaja kusomwa miongo kadhaa baadaye, kwa mashine ambazo siku walipookotwa ufukweni hazikuwapo.